Kadi ya Papa Damien

Kuku alikuwa mzima, na hilo ndilo lililomnyima raha Sajini Symphorien tangu mauaji ya Mweso. Mtu huenda kuua akiwa na bunduki, au panga, hata jiwe akikosa vyote. Hakuna aendaye kuua akiwa amembeba kuku mweupe kwapani.

Walimkuta dukani kwa marehemu Albert, nyuma ya magunia ya chumvi, amefungwa miguu, anapepesa macho kama mgeni aliyesahauliwa barazani. Bwana Hubert, ajenti wa serikali aliyeishika kesi hiyo, alimtupia jicho mara moja akasema duka ni duka, kuku ndani yake si ajabu. Symphorien hakubisha. Kubishana na Bwana Hubert ilikuwa kazi ya mtu mwenye siku nyingi za kupoteza. Alichuchumaa, akamfungua kuku, akazitia kamba mfukoni. Watu wa Masisi hufunga kuku kwa uzi wa mgomba, maana mgomba uko kila mlango. Kamba hizi zilikuwa zimepasuliwa kutoka kwenye mmea utambaao wa msituni, ule wanaosukia vikapu kule chini Walikale.

Jambo la pili lilikuwa jeraha. Albert alikuwa mchuuzi wa chumvi na samaki wakavu, mtu wa mwili na maneno mengi. Risasi ndogo ya bastola ilimwingia pajani, karibu na kinena, akavuja damu akafa kabla hajafikishwa hospitali. Symphorien alijiuliza ni muuaji gani anayesimama hatua moja mbele ya mtu mnene namna ile halafu akalenga paja.

Shahidi alikuwa mmoja tu, mlinzi wa kizuizi cha darajani. Alisema asubuhi ile alipita mtu wa koti refu, kofia imeshuka usoni, akamwonyesha kadi yenye picha ya polisi. Mlinzi hakujua kusoma, lakini kadi ile aliijua kwa rangi na kwa mhuri. Ilikuwa kadi ya polisi mstaafu, ambayo serikali iliwapa wazee wachache ili wabebe bastola chini ya koti, mahali ambapo watu hawaioni. Wazee hao walikuwa wamefunga watu wengi katika maisha yao ya kazi, na baadhi ya hao walikuwa wametoka gerezani na kinyongo chao kizima.

Katika Masisi na Walikale kadi hizo zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Hakorimana wa Sake, ambaye kiharusi kilimlaza, hata kijiko alikuwa akishikiwa. Ya pili ilikuwa ya Damien wa Itebero, aliyewafundisha kazi nusu ya polisi wa upande ule, na ambaye goti lake bovu, lililomtembeza kwa mkongojo, Bwana Hubert alilijua kama alivyolijua lake mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyempeleka kwa daktari. Ikabaki ya Isidore.

Isidore alilima maharage nyuma ya kilima cha Mweso. Wiki moja kabla ya mauaji alimtukana Albert mbele ya soko zima kwa kuuza chumvi iliyochanganywa na mchanga. Bastola yake ilipokamatwa ilinuka baruti mbichi. Alisema alimpiga nguruwe mwitu aliyeingia shambani. Bwana Hubert akauliza nguruwe yuko wapi. Isidore akajibu kwamba alimkosa, na polisi wawili wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfungia mlango. Sasa alikuwa kachot, mahabusu ya Masisi. Gari la Jumamosi lingempeleka Goma mbele ya hakimu, na Bwana Hubert alikwisha kuanza kuzungumza habari za kamba ya shingoni.

Symphorien alimpenda Isidore. Walianza kazi pamoja, walilala chumba kimoja, walipigwa makonzi na Damien yule yule. Ndiyo maana aliomba ruhusa ya kushuka Itebero. Alitoa sababu ya kiofisi, nayo ilikuwa ya kweli: Damien ndiye aliyemfunga Albert zamani, kwa dhahabu iliyoibwa machimboni, na Albert aliapa mbele ya watu kwamba akitoka atamtafuta. Bwana Hubert alimwambia aende, akipenda kuchosha miguu, ila gari la Jumamosi halitamngoja mtu.

Lori la mfanyabiashara wa mawese lilimfikisha Walikale. Pale kituoni karani mpya, kijana wa kola safi, alimhakikishia kwamba mzee Damien alikuja mwenyewe miezi michache iliyopita, akaweka bastola mezani ikaguliwe, akaonyesha kadi, akapewa risasi zake za mwaka. Symphorien aliuliza kama mzee alikuwa na mkongojo. Karani alifikiri kidogo, akasema hakumbuki mkongojo wowote.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomkaa vizuri. Alishika njia ya msituni kwa miguu, mvua inakatika na kurudi, na kila alipokutana na watu aliuliza swali lile lile kwa sauti ya mtu anayemtembelea rafiki. Majibu yalifanana, kwamba Damien yuko na anatembea vizuri, na kila moja lilimtia baridi zaidi ya mvua.

Mahali njia inapovuka kijito alimkuta mama mmoja, Annonciata, ameshusha kikapu cha mihogo akiosha miguu. Alimuuliza kama Papa Damien yu hai na kama ana nguvu.

“Papa Damien? Iko,” akasema mama yule. “Alipita hapa na kuku, anaenda kule ku milima. Akarudia mbio, hata jambo hakujibu muzuri. Tukasema huyu mubaba ana nini.”

“Mbio? Na ile goti yake?”

“Goti gani, Papa? Juzi alipanda juu ya muti kutoa asali.” Alimtazama Symphorien kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyechoka. “Ukimuona, mwambie Annonciata anamusalimia.”

Symphorien aliendelea kutembea. Sasa alimwona Damien kwa jicho jingine: mzee mjanja aliyewadanganya wote kwa mkongojo, akapokea pole za Bwana Hubert miaka yote hii, huku akingoja Albert atoke gerezani ammalize. Mtu aliyemfundisha kushika sheria. Na akimkamata, atamwokoa Isidore kwa kumtundika Damien. Aliona uchungu, na hakukana moyoni kwamba aliuona. Alitukana mvua, akautukana na msitu, akaongeza mwendo.

Boma la Damien lilikuwa juu ya Itebero kidogo, nyumba ya udongo, jiko pembeni, mawese yametundikwa ukutani katika vibuyu. Mama Pétronille, mke wa Damien, alikuwa akianika mihogo. Alimtambua Symphorien mara moja, akamletea kiti na maji, akasema mume wake yuko shambani na atarudi sasa hivi. Alikuwa na shanga mpya shingoni, nywele zake fupi kama zilizoota juzi juzi.

Symphorien alikunywa maji huku macho yake yakifanya kazi. Koti la Damien lilining'inia mlangoni, lile lile la enzi za polisi, kitambaa kizito chenye vifungo vya shaba. Mbele, chini ya kiuno, palikuwa na tundu lililoshonwa kwa uzi wa msituni. Alijifanya anajinyoosha, akalishika, akapitisha kidole upande wa ndani. Bitana ilikuwa imeungua, nyeusi, imesambaa upana wa kiganja. Nje ukingo ulikuwa safi. Risasi ilitoka ndani ya koti. Aliyempiga Albert hakuwa ameichomoa bastola hata kidogo.

Nyuma ya jiko aliona tuta la udongo, limepandwa miche michanga ya masale, kama yapandwavyo makaburini.

“Ile kaburi ni ya nani, Mama?”

Pétronille hakuinua uso. “Ya muntu wa hii nyumba.”

“Muntu gani?”

“Wa hii nyumba,” akarudia, akageuza mihogo upande wa pili.

Mara watoto waliokuwa wakicheza walikimbia kuelekea njiani wakiita Papa, Papa. Mtu alitoka kwenye migomba na jembe begani. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, kifua wazi, magoti yote mawili mazuri kabisa, na kichwani amevaa kofia ya Damien. Alikuja moja kwa moja, akashika mkono wa Symphorien kwa mikono miwili.

“Karibu, Symphorien,” akasema. “Umekonda. Unakula kweli kule Masisi?”

Ilikuwa ndiyo salamu ya Damien, neno kwa neno, na haikuwa mzaha. Symphorien hakumjua mtu huyu. Alimtazama Pétronille, naye alikuwa tayari amekwenda kumletea kijana maji ya kunawa, kama mke anavyomletea mumewe.

“Weye ni nani?” akauliza Symphorien.

“Miye Damien.”

Polisi wengi wangemzaba kofi hapo hapo. Symphorien aliketi. Aliomba aitwe mkubwa wa ukoo, akaletwa mzee Floribert, mtu mfupi mwenye msalaba wa shaba kifuani na bangili ya ngozi ya mnyama mkononi, na kwa mwenendo wake vyote viwili vilikuwa na kazi. Symphorien alimwuliza polepole, swali moja moja, na mzee alijibu kila swali kwa ukweli bila kulijibu hata moja. Damien alikuwa mgonjwa? Ndiyo, aliugua wakati wa mvua kubwa. Alipona? Iko hapa, Papa, unamwona. Na yule mzee mwenye goti? Goti limekwisha kupumzika.

Ilichukua muda mpaka jambo likakaa sawa kichwani mwake. Katika ukoo ule, mkubwa akifa hawamwachi apotee. Wakimaliza matanga wanamketisha mtoto wa dada yake juu ya kigoda chake, wanamvika nguo zake, wanampa jina. Wanaita kukalisha jina. Tangu siku hiyo yeye ndiye. Mke ni wake, watoto ni wake, shamba ni lake, salamu ni zake, ugomvi pia ni wake. Na tangu siku hiyo hakuna mtu wa Itebero, mkubwa wala mdogo, anayeruhusiwa kusema kwamba mwenye jina amekufa. Padri, ambaye angekiandika kifo kitabuni, hupita kiangazi tu, na kiangazi kilikuwa bado. Kwa hiyo watu wote wa njiani hawakumdanganya Symphorien hata kidogo. Alimwuliza kila mmoja kama Damien yuko, na Damien alikuwako.

Na karani wa Walikale aliona kadi, akaona bastola, akasikia mtu anasema kwa moyo safi kwamba yeye ndiye Damien.

“Kabla ya kukalishwa,” Symphorien akamwuliza kijana, “mama yako alikuita nani?”

Kijana aliangalia chini. Mzee Floribert alikohoa. Jibu lilitoka kwa mtoto mdogo aliyekuwa hajajifunza bado ya kusema na ya kunyamaza: alikuwa akiitwa Raphaël. Pétronille alimvuta mtoto kwa sikio akampeleka jikoni.

Symphorien aliomba bastola. Kijana aliingia ndani bila kusita, akatoka na mfuko wa gome la mti uliolainishwa, wenye ukanda wa kuvaa kiunoni, akauweka juu ya kigoda. Bastola ilikuwa imepakwa mawese, inang'aa wekundu. Kadi ilikuwa ndani ya mfuko huo huo. Unyevu wa msitu ulikuwa umeila picha. Uso ulikwisha, zilibaki kofia na vifungo. Mlinzi wa daraja aliona kofia na vifungo.

Alifungua bastola. Risasi tano nzima, na ganda moja tupu.

Akazihesabu tena, ingawa haikuhitajika. Bastola zile za zamani zilikuwa na ubaya wake, na kila polisi aliyepita mikononi mwa Damien aliujua: nyundo ikilalia risasi, kipigo kidogo tu juu yake kinatosha kuifyatua. Ukiibeba chini ya koti unatia risasi tano, na tundu la chini ya nyundo unaliacha tupu. Aliyesahau alipigwa konzi. Bastola ya Isidore ilipofunguliwa mbele ya Bwana Hubert ilikuwa na risasi nne, ganda la nguruwe, na tundu tupu. Bwana Hubert aliuliza kwa nini hakujaza, na Isidore akajibu kwamba aliogopa mkono wa Damien hata sasa.

“Nani alikufundisha kujaza hivi?” akauliza Symphorien.

“Hakuna muntu. Tundu iko sita. Karani alinipa masasi sita.”

Symphorien alifumba macho kidogo. Walimrithisha kijana mke, nyumba, jina na silaha. Mafunzo yalizikwa nyuma ya jiko, chini ya masale.

Habari ya Mweso kijana aliieleza mwenyewe bila kusukumwa, ameketi wima, mikono juu ya magoti. Mtu akikalishwa jina hupaswa kuwaendea wote waliogombana na jina hilo, akiwa na kuku mweupe, na kuwaambia kwamba amekuja, maneno yaishe. Albert alikuwa wa mwisho na wa mbali kuliko wote. Alivaa koti kwa sababu ndilo koti la Damien. Alibeba bastola kwa sababu Damien hakutoka bila bastola, na serikali yenyewe ilimpa karatasi ya kuibeba ajilinde na Albert. Aliingia dukani, akaweka kuku chini, akavua kofia, akasema yeye ni Damien na amekuja maneno yaishe. Albert alimtazama kwanza. Halafu alicheka, akazunguka meza, akaja.

“Alinishika mu koti kwa mikono mibili,” akasema kijana. “Akanivuta juu ya tumbo yake. Njo ile bastola ikapiga. Mpaka leo sijui alitaka kunipiga ao kunikumbatia.”

Symphorien alimwuliza kwa nini alikimbia, na kwa nini hakujipeleka kituoni. Alijibu kwamba aliogopa damu, akakimbia, lakini nyumbani hakuficha kitu. Aliwaambia wazee, wakamwosha kwa majani. Wakafikiri mambo yamekwisha, kwani karatasi ilikuwa ya Bulamatari mwenyewe, ndiyo serikali ya wazungu. Ikiwa Bulamatari alimpa Damien bastola juu ya Albert, basi alijua siku moja ingeweza kulia.

Symphorien aliinuka, akatembea mpaka jikoni, akarudi. Mawingu yalikuwa yamekaa tena juu ya miti. Alihesabu njia ya kurudi, kijito kitakachofura, lori la mawese ambalo huondoka linapotaka. Kisha aliwaambia kuhusu Isidore: kachot ya Masisi, gari la Jumamosi, kamba.

Kijana alisimama kwa nguvu kiasi kwamba kigoda kilianguka.

“Isidore? Ile Isidore alinibeba ku mugongo kule Abisinia?”

Hakuna aliyecheka. Symphorien mwenyewe hakucheka. Wakati wa vita vya Abisinia kijana huyu alikuwa bado mtoto wa kutumwa maji, lakini aliyebebwa mgongoni, homa imemshika, siku nzima juu ya mawe matupu, alikuwa Damien, na Damien alikuwa amesimama mbele yao na jembe la asubuhi bado lina udongo.

“Twende,” akasema kijana. “Nitasema kwa Bwana Hubert: miye Damien, njo miye nilipiga.”

“Bwana Hubert anamjua Damien,” akasema Symphorien. “Nikikuleta ukasema weye Damien, atasema nimemwokota mwendawazimu msituni ili nimwokoe rafiki yangu. Atakufunga weye, atanifunga miye, na Isidore atapanda gari.”

Alieleza mpaka mwisho, maana hakutaka mtu aseme baadaye kwamba alifichwa. Ili neno liwe na uzito, mtu wa ukoo lazima aseme mbele yake na mbele ya Bwana Hubert kwamba Damien alikufa, na kwamba kadi ilibebwa na mtu mwingine, Raphaël. Hakuna njia nyingine.

Alimwuliza mzee Floribert kwanza. Mzee alikataa kwa adabu. Alisema neno hilo likitoka, jina linaanguka, na halinyanyuliwi mara ya pili. Watoto wanakuwa yatima, mama anakuwa mjane tena, shamba linarudi kwa ukoo, na aliyelisema anatoka kijijini na harudi. Symphorien alimwuliza ndugu mmoja wa marehemu, aliyekuwa ameketi ameegemea ukuta. Huyo aliinuka akaenda zake. Alimwuliza Pétronille. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, unga wa mihogo mikononi.

“Nilimulilia mara moja,” akasema. “Unataka nimulilie mara ngapi?”

Symphorien aliona haya kuwa polisi siku hiyo. Alikuwa na pingu kiunoni, angeweza kumfunga kijana akamburuta, lakini angeburuta mtu anayesema yeye ni Damien, na Isidore angekufa vile vile. Matone ya kwanza yalianza kupiga migomba.

Kijana alikisimamisha kigoda kilichoanguka. Aliuliza taratibu, kama anayeuliza njia.

“Weye ulimujua mbele yangu. Angekuwa hapa, akisikia Isidore iko mu kachot, angefanya nini?”

“Angekwenda,” akasema Symphorien. “Hata na ile goti.”

Kijana alitikisa kichwa kukubali. Alikwenda mlangoni, akalitungua koti, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alimwendea kila mtoto akamshika kichwani. Alimwendea Pétronille, akasimama mbele yake, na kile alichomwambia kilikuwa kwa lugha ya kwao, hakikufika kwa Symphorien. Pétronille alimpangusa vumbi begani.

Kisha akarudi katikati ya kiwanja, akavua kofia, akaiweka juu ya kigoda. Akafungua vifungo kimoja kimoja, akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kofia. Mvua ilikuwa ikimwangukia mgongoni.

“Damien alikufa,” akasema. “Alikufa wakati wa mvua kubwa, hapa. Miye Raphaël, mutoto wa dada yake. Njo miye nilibeba karte yake. Njo miye nilimuua Albert.”

Mzee Floribert alifunika uso. Pétronille alikaa chini kwenye matope, akavua shanga zake, akaanza kulia kwa sauti ya mtu aliyefiwa leo, na watoto, ambao hawakuelewa, walianza naye. Symphorien alijikuta amevua kofia yake. Akalia kidogo pia, kwa mwalimu wake, kwani hakuwa amepata nafasi.

Hakumfunga pingu. Alitoa zile risasi tano, akazitia mfukoni, akachukua kadi na koti na mfuko wa gome, wakaondoka. Raphaël alitangulia, kifua wazi, mbio mbio, kwa sababu kijito kilikuwa kinajaa na yeye ndiye aliyejua pa kuvukia. Nyuma yao hakuna aliyewasindikiza. Njiani Raphaël aliuliza jambo moja tu, kama Isidore atamtambua. Symphorien alimwambia hapana, Isidore hamjui kabisa.

Pale kwenye kivuko Annonciata alikuwa akirudi na kikapu kichwani, amejikinga mvua kwa jani la mgomba. Aliwaona, uso ukamchangamka.

“Jambo, Papa Damien,” akasema.

Raphaël alipita karibu naye mpaka bega likagusa kikapu, akaingia majini. Hakugeuka. Annonciata alimtazama mgongo ule usio na koti, akamtazama Symphorien na koti lililokunjwa mkononi mwake. Aliteremsha kikapu, akaketi chini kando ya njia, akaanza kufungua kitambaa cha kichwa, kama mwanamke aliyeletewa habari ya msiba.